Jahazi la Nani? Bendera na Daftari katika Kisa cha Sur

Wenzetu wanaofundisha historia ya pwani hukutana mara kwa mara na majedwali ya bandari: idadi ya vyombo vilivyoingia, tani zake, kisha safu mbili, moja ya vyombo vya nyumbani na moja ya vyombo vya kigeni. Mwanafunzi huzisoma safu hizo kana kwamba zinamweleza asili ya chombo. Kwa hakika humweleza jambo moja tu, yaani chombo kimeandikishwa katika daftari la dola gani. Mwenye chombo ni nani, nahodha katoka wapi, na tumboni mwa chombo mmepakiwa nini, hayo hayamo.

Sisi tulio nchi za bara huenda tukadhani kwamba mambo haya ni ya watu wa pwani peke yao. Lakini tangu Azimio la Barcelona la mwaka 1921, hata nchi isiyo na pwani inatambuliwa kuwa na haki ya kupandisha bendera yake baharini, mradi vyombo vyake viandikishwe mahali pamoja palipotajwa ndani ya ardhi yake. Swali la bendera ni letu pia, na hatujaona mfano unaolieleza vizuri zaidi kuliko ule wa majahazi ya Sur.

Sur ni mji wa Oman. Wanamaji wake kwa vizazi vingi walishuka na kaskazi hadi Unguja, Pemba, Ngazija na Bukini, wakarejea kwao na kusi. Walikuwa raia wa Sultani wa Maskati. Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wengi wao walipandisha bendera ya Ufaransa, kwa hati walizopewa na maofisa wa Kifaransa wa Mayotte, Nossi-Bé na baadaye Obock.

Kwa nini mtu wa Sur atake bendera ya Ufaransa? Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na manowari za Kiingereza zikawa zinasimamisha majahazi na kuyapekua. Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe na manowari ya dola nyingine. Hatusemi kwamba iliupenda utumwa, kwani ilikuwa imeufuta katika makoloni yake mwaka 1848. Ilikuwa ikiilinda heshima ya bendera yake, na tena ilitaka sauti yake isikike Maskati. Kwa mwenye jahazi hesabu ilikuwa nyepesi: kitambaa kimoja na karatasi moja vilimwondolea upekuzi. Si wote waliokuwa wauza watu. Wengi walibeba tende, papa mkavu na boriti. Lakini waliobeba watu waliijua vema faida ya kitambaa hicho.

Mwezi Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari iitwayo London alilisogelea kwa mashua ya mvuke jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Amri alizokuwa nazo zilimruhusu kuhakikisha hati tu, si kupekua. Aliendea karatasi, na ndani mlikuwa na watumwa. Watu wa jahazi wakaishambulia mashua, na kapteni akauawa. Vitabu vingi humkumbuka yeye. Sisi twaomba wanafunzi wawakumbuke pia wale waliofichwa ndani, ambao bendera iliyowafunika haikuwa yao wala ya mwenye jahazi.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulijaribu kuziba mwanya huo. Ulieleza kwanza chombo cha wenyeji ni kipi: umbo au matanga yawe ya kienyeji, na nahodha pamoja na wengi wa mabaharia wawe watu wa pwani za Bahari ya Hindi, Bahari ya Sham au Ghuba. Kisha ukaagiza kwamba dola isimpe bendera yake ila aliye raia wake au aliye chini ya himaya yake. Jina la chombo na tani zake vichongwe na kupakwa rangi kwenye tezi kwa herufi za Kilatini. Alama ya bandari na namba ya daftari ziandikwe kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Tanga likawa ukurasa wa daftari!

Ugomvi haukwisha. Uingereza na Ufaransa, ambazo mwaka 1862 zilikuwa zimeahidiana kuheshimu uhuru wa Masultani wa Maskati na Unguja, zilipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague. Waamuzi walikuwa Lammasch wa Austria, Fuller wa Marekani na Savornin Lohman wa Uholanzi. Tarehe 8 Agosti 1905 waliamua kwamba waliopewa bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouridhia Mkataba wa Brussels, waendelee nayo. Baada ya siku hiyo, raia wa Sultani asipewe isipokuwa awe amethibitisha kwamba Ufaransa ilimhesabu chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Tena idhini haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyeji yule yule.

Lililo zito kwetu ni hili: majahazi hayo yasiguswe katika maji ya Maskati, lakini wenyewe, manahodha na mabaharia wabaki chini ya hukumu ya Sultani. Karani wa Maskati angeliandika jahazi katika safu ya kigeni, na nahodha wake katika safu ya nyumbani.

Mwaka 2012 Tanzania ilifuta usajili wa meli 36 za mafuta za Iran, zilizokuwa zimeandikishwa Zanzibar kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai, wakati Iran ikiwa chini ya vikwazo. Hadi siku ya kufutwa, aliyehesabu kwa bendera aliziweka meli hizo katika safu ya Tanzania.