Printa Isiyoonekana Elburgon

Elburgon, mji wa reli na mbao kati ya Njoro na Molo, una saiba kama miji mingine ya Kenya. Tangu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ianze mwaka 2014, sehemu kubwa ya kazi ya saiba huishia kwenye karatasi: mteja anataka fomu au risiti mkononi. Kwa hiyo kompyuta ya Linux isipoiona printa ya mtandao, foleni inasimama na lawama zinaiangukia Linux. Kwa maoni yangu, lawama hizo ni za kurithi, na chanzo cha shida kiko kwingine.

Miaka ya 1990 zilistahili. Printa nyingi za bei nafuu zilielewa lugha ya kiwanda chao tu, na viwanda viliandika programu endeshi za Windows. Mwaka 1999 Michael Sweet alitoa CUPS, programu inayosimamia uchapishaji kwenye Linux, iliyojengwa juu ya IPP, itifaki ya wazi ya kuchapisha. Apple wakaiingiza kwenye Mac mwaka 2002. Hatua iliyozaa usumbufu wa leo ni ya 2012, CUPS 1.6 ilipoacha utaratibu wake wa zamani wa kutangaza printa na kutegemea printa zijitangaze zenyewe, huku programu ya Avahi ikisikiliza upande wa Linux. Tangazo hilo hupita poti 5353, na kwa makusudi halivuki ruta. Lilibuniwa kwa nyumba yenye mtandao mmoja.

Saiba ikiongeza ruta ya pili kwa ajili ya Wi-Fi, mara nyingi tayari ina mitandao miwili. Bonyeza vitufe vya printa yenyewe uchape ukurasa wa mipangilio: tuseme anwani yake ni 192.168.0.15, na kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya pili ni 192.168.1.20. Namba ya tatu, 0 na 1, ndiyo inayotenganisha. Namba hizo zikilingana na printa bado haionekani, angalia kama Avahi imezimwa au ulinzi wa kompyuta umeziba 5353.

Utaambiwa Windows ya meza ya pili inachapa vizuri. Inachapa, ila mara nyingi haijatafuta chochote: fundi aliipa anwani siku ya kwanza, nayo inaikumbuka. Ipe Linux ipp://192.168.0.15/ipp/print, kama printa yako inajua IPP, nayo itachapa hata kama haijawahi kuiona printa kwenye orodha.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mwenye saiba hapaswi kujua haya yote. Ni kweli, na waliobuni kujitangaza walikuwa na nia hiyohiyo. Ambacho hawakukipangia ni ruta ya pili. Dawa ya sasa ni kuifungia printa anwani moja kwenye ruta, ili isibadilike umeme ukipotea na kurudi. CUPS 3 inayoandaliwa inaachana na programu endeshi za zamani na kuegemea IPP, hivyo kujitangaza kutabeba mzigo mkubwa zaidi, na printa kuukuu zitahitaji programu ya kuzitangaza kwa niaba yao.