Programu za kubuni na kuendesha mikakati ya biashara ya masoko ya fedha

Hizi ni programu za kompyuta zinazomwezesha mfanyabiashara binafsi kuandika kanuni zake za kununua na kuuza hisa au fedha za kigeni, kuzipima kwa bei za miaka iliyopita, kisha kuiachia kompyuta itume oda yenyewe. Mkakati unaojiendesha namna hiyo huitwa roboti.

Kampuni ya Omega Research ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilitoa TradeStation mwaka 1991, na lugha yake ya EasyLanguage ikawafungulia mlango watu wasio wahandisi. MetaTrader 4 ilifuata mwaka 2005, ikaenea kwa kasi kwa sababu madalali wa fedha za kigeni waliwapa wateja wao programu hiyo bure. MetaTrader 5 ilitoka mwaka 2010.

Wengi huchagua programu kwa umaarufu wake au kwa uzuri wa grafu. Jambo la kuchunguza kwanza ni namna inavyopima mkakati. Tuseme mkakati umenunua euro kwa dola 1.1000, kikomo cha hasara kikiwa 1.0980 na lengo la faida 1.1020. Grafu ya saa moja inaonyesha bei ilishuka hadi 1.0975 na pia ilipanda hadi 1.1025 ndani ya saa ileile. Je, oda ilifungwa kwa hasara au kwa faida? Programu inayosoma bei nne tu za saa hiyo, yaani ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, haina budi kukisia. Kisio hilo likirudiwa katika oda mia kadhaa, mkakati mbovu unaweza kuonekana dhahabu. MetaTrader 4 hujitungia mwendo wa bei kutokana na data za dakika moja. MetaTrader 5 inaweza kutumia mabadiliko halisi ya bei yaliyorekodiwa, tena hupima jozi kadhaa za sarafu kwa pamoja. Kwa anayewinda faida ndogo za dakika chache, tofauti hii ndiyo inayoamua.

Kipimaji kizuri huhesabu pia gharama. Mkakati unaolenga pipsi 5 (kwa euro na dola, pipsi moja ni 0.0001) kwa dalali mwenye spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ya pipsi 1.5 umekwisha kupoteza asilimia 30 ya lengo lake. Halafu miaka michache ya data iwekwe kando, isiguswe wakati wa kurekebisha kanuni, ili itumike kwa mtihani wa mwisho. Roboti nyingi zinazouzwa Telegram na WhatsApp hazijapitia mtihani huo.

Lugha nayo huamua uhuru wa mtumiaji. Mkakati ulioandikwa kwa MQL, lugha ya MetaTrader, hauendeshwi nje ya programu hiyo, na Pine Script, lugha ya tovuti ya grafu ya TradingView, hutoa taarifa tu, ambayo huhitaji daraja jingine ili iwe oda kwa dalali. Python inahitaji masomo zaidi lakini inahamishika. Tovuti ya Quantopian ilipofungwa mwaka 2020, maktaba yake ya Python iitwayo Zipline iliendelea kutumika kwa kuwa ilikuwa ya chanzo huria.

Roboti inayofanya kazi kweli huwekwa kwenye seva ya kukodi, maana umeme ukikatika nyumbani oda hubaki wazi bila msimamizi. Iwe pia na kikomo cha hasara ya siku kinachoizima yenyewe. Tarehe 1 Agosti 2012, hitilafu ya programu iliigharimu kampuni ya Knight Capital ya Marekani zaidi ya dola milioni 440 kwa takriban dakika 45, ingawa ilikuwa na wataalamu wake ofisini.

Hakuna programu inayomlinda mteja dhidi ya dalali asiyelipa. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2017 zinawataka madalali wa fedha za kigeni mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mamlaka hiyo hutangaza majina ya wenye leseni. Tafuta jina la dalali wako humo kabla ya kuunganisha roboti na akaunti yenye fedha.