Nyota ngeni ya mwaka 1604

Oktoba 1604 nyota ngeni ilitokea angani, ikang'aa kuliko Mshtarii. Huko Prague, Johannes Kepler aliifuatilia hadi ikatoweka mwaka uliofuata. Hapa pwani, yalipo leo magofu ya Kunduchi, sidhani kama waliotoka msikitini baada ya Magharibi waliikosa: ilikuwa upande huohuo wa machweo.

Nyota hiyo haikuwa imezaliwa, ilikuwa inakufa. Ilikuwa kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha moto, chenye ukubwa kama wa Dunia na uzito kama wa Jua. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kutoka India kwenda Uingereza, alikokotoa kuwa uzito wa kibete una kikomo. Leo kinakadiriwa mara 1.4 ya Jua.

Nini basi kilikizidishia uzito? Wapo wasemao kilinyonya gesi ya nyota jirani, wapo wasemao vibete viwili viligongana. Kama ni jirani, ingesalimika. Wataalamu wakaisaka kwenye mabaki, na mwaka 2018 wakatangaza hawakuiona. Lakini mabaki yenyewe yamezungukwa na gesi iliyotangulia mlipuko. Kesi bado iko mezani, nayo inatuhusu: sehemu kubwa ya chuma wanachogonga mafundi wa Temeke ilipikwa katika milipuko ya aina hii.