Wapemba wa Mwambao: Kutoka Dago hadi Uraia

Kabla ya Desemba 1963, mvuvi wa Pemba aliyevuka kwenda Vanga, Wasini au Shimoni alikuwa bado chini ya Sultani yuleyule. Waingereza waliuendesha Mwambao wa Kenya tangu 1895, lakini kwa mkataba ulikuwa milki ya Zanzibar. Kaskazi ikiingia na bahari kutulia, vyombo vilikwenda dago. Wavuvi walipiga kambi ufukoni miezi kadhaa, wakavua, wakakausha samaki wawe ng'onda, wakarejea kusi isijachachamaa. Anayefika alianza kwa kupiga hodi kwa wazee wa bandari, nao ndio waliomwonyesha pa kuvua.

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, na mwezi mmoja baadaye Zanzibar ikapinduliwa. Familia nyingi za Kipemba zikabaki ng'ambo, nyingine zikazifuata. Madago yakageuka vitongoji, watoto wakazaliwa. Vitambulisho havikuja.

Bahari nayo ilianza kuwekewa mipaka. Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi mwaka 1968. Kisite, mkabala na Shimoni, ikafuata 1973, na humo uvuvi ukakatazwa kabisa. Matumbawe yalihitaji ulinzi, hilo silipingi. Juya, wavu wa kukokota, hukwangua nyasi za bahari na kuzoa hata vitoto vya samaki. Kulipiga marufuku mwaka 2001 kulikuwa na haki yake. Kinachoniuma ni jinsi lawama ilivyogawanywa. Maji ya kuvulia yalipopungua, kidole kilimwelekea Mpemba na nyavu zake, ilhali mwenyeji mwenye juya lilelile alikuwa na diwani wa kumsemea. Kanuni za 2007 zikavipa vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, mamlaka juu ya bandari. Mtu aliyezaliwa Shimoni, na baba yake akavua hapohapo, bila kitambulisho hakupata leseni, akawa anatweka tanga huku akihofia kukamatwa.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi, na Julai Rais William Ruto akawakabidhi vyeti vya uraia huko Kilifi. Mvuvi sasa anaweza kuomba leseni kwa jina lake, na nyavu zinapojadiliwa akasimama kikaoni kama mwenyeji. Wavuvi wa dago, ambao hadi leo huvuka kutoka Pemba kila kaskazi, tangazo hilo haliwahusu: wao ni raia wa Tanzania, na kuvua maji ya Kenya kunawataka vibali.