Simba wa Tsavo na Adui Aliyewazidi

Wengi wetu tumesikia habari za simba wa Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili waliwatisha watu waliojenga njia ya gari la moshi toka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Hata kambi ya wagonjwa waliiingia. Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua mwezi wa Desemba, akaandika kwamba walikwisha kula Wahindi 28, pamoja na Waafrika wasiohesabiwa.

Lakini simba hawakuwa adui mkubwa. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka Bara Hindi wafanya kazi karibu 32,000. Katika hao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao kwa kuwa afya yao iliharibika. Malaria, kuhara damu, vidonda vya miguu na funza viliwaangusha wengi kuliko simba. Mapatano yao yaliwaahidi dawa bure. Lakini dawa ile ilifuata kazi. Aliyeshindwa kazi alipandishwa meli.

Wahindi 6,724 walibaki. Je, mkataba ulipokwisha, nani awatunze? Katika Kenya ya kikoloni hospitali ziligawanywa kwa rangi ya watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Basi Wahindi walichanga mali yao wenyewe. Mombasa ikapata hospitali ya Aga Khan mwaka 1944 na ile ya Pandya mwaka 1947. Nairobi ikapata ya Aga Khan mwaka 1958.

Hata hivyo, siku zile za kujenga reli, upande wa Wadachi, mtu mmoja alikwisha kuonyesha njia nyingine. Sewa Haji Paroo, mfanya biashara wa ukoo wa Kihindi, aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam, akataka ipokee watu wa kila kabila. Hospitali ile ndiyo chanzo cha Muhimbili ya leo, na jina lake lingalipo huko katika jengo la wagonjwa.

Tufahamu basi: anayeita mikono ya mgeni ameita na mwili wake, wenye homa na vidonda. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dar es Salaam neno hilo lilitimia kweli. Nasi tuangalie, je, mgeni akija kwetu, naye atapona?