Mikono Iliyopaka Rangi: Chimbuko la Sanamu za Vinaili za Hong Kong

Sanamu ndogo za wasanii ni wanasesere wa plastiki wanaobuniwa na msanii mmoja, wakapakwa rangi za pekee na kutolewa kwa idadi iliyowekwa tangu mwanzo. Historia yao husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye nyumba za mnada, ilhali chimbuko lao limo katika viwanda na vyumba vya kuishi vya Hong Kong, ambako kwa miongo kadhaa watu walipaka rangi vitu vya kuchezea vya watoto wa nchi nyingine. Asiyewatazama watu hao kwanza hawezi kueleza kwa nini sanaa hii ilizaliwa huko.

Hong Kong ilijifunza plastiki kwa maua bandia katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa vitu vya kuchezea duniani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanyiwa kiwandani, kwa kuwa mafungu ya vipande yalipelekwa majumbani, na katika vyumba vyembamba vya majengo ya serikali mama, bibi na watoto waliotoka shule walikaa pamoja wakiunganisha petali au kutia rangi nyuso za wanasesere, wakilipwa kwa idadi ya vipande. Ujira ulikuwa mdogo, lakini ustadi uliojengeka mikononi mwao ulikuwa mkubwa, na ustadi huo ndio rasilimali ambayo wasanii wa baadaye waliikuta tayari.

Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa kwa utulivu. Sanamu ya mfano, iliyochongwa kwa nta, huvikwa tabaka la madini kwa nguvu ya umeme hadi ipatikane kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia; kisha vinaili, plastiki laini inayoanza ikiwa majimaji mazito, humiminwa ndani na kalibu hupashwa moto, tabaka linalogusa madini likashikana na majimaji yaliyobaki yakamwagwa, hivyo kipande hutoka kikiwa na uvungu. Kingali moto, fundi hukikamata kwa koleo na kukivuta kwa nguvu, na kichwa kipana hujikunja, hupita katika tundu jembamba la shingo, kisha hurudi katika umbo lake. Baadaye kichwa hicho huvishwa ganda la chuma lenye uwazi mahali pa midomo au nyusi tu, rangi ikapulizwa juu yake, na mistari myembamba humaliziwa kwa brashi au kwa muhuri wa silikoni. Kila rangi ina ganda lake, na ganda lisipokaa sawasawa jicho huhama na uso mzima hubadilika tabia.

Mwanasesere mwenye viungo alikuwa na asili nyingine, ya Marekani. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, askari wa karibu inchi 12 anayeweza kukunja magoti na viwiko, na kwa kuwa iliaminika kwamba wavulana wasingekubali kupewa mwanasesere, kampuni ilimtafutia jina jipya lililosisitiza vitendo vyake. Askari huyo ndiye aliyekuja kubadilishwa na Michael Lau, mchoraji wa Hong Kong, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1990 alichukua miili ya aina hiyo, akaichongea vichwa vipya, akaishonea suruali pana na kuitia rangi kwa mkono, hata wakapatikana vijana wa mitaani wenye michoro mwilini na mbao za magurudumu miguuni. Kundi hilo, lililotokana na katuni yake iitwayo Gardener, lilionyeshwa mwaka 1999 likiwa na wahusika 99, na mwenzake Eric So naye alijulikana kwa sanamu za Bruce Lee zilizoshonewa mavazi kwa uangalifu uleule.

Wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha kuhamia China bara, hasa Shenzhen na Dongguan, lakini ofisi, wachongaji na mawakala walibaki mjini, kwa hiyo msanii kijana aliweza kumfikia mwenye kiwanda bila safari ndefu. Aidha, kalibu ya kumiminia vinaili ni nafuu kuliko zile za chuma kigumu ambazo hurudisha gharama kwa maelfu ya nakala, lakini yenyewe huchakaa mapema. Kutoa nakala mia chache kulikuwa jambo la kiufundi kabla halijawa mbinu ya biashara, na jambo hili halipewi uzito unaostahili na wanaouona uhaba huo kuwa hila tupu.

Japani nayo ilikuwa na desturi ya muda mrefu ya majitu ya vinaili. Duka la Bounty Hunter la Tokyo lilimtolea KAWS, mchoraji wa grafiti kutoka Marekani, sanamu yake ya kwanza mwaka 1999, na mwaka 2001 kampuni ya Medicom Toy ilianzisha dubu wa Be@rbrick, mwili mmoja usiobadilika ambao wasanii wengi huuvisha rangi zao. Kampuni ya Kidrobot ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilikwenda hatua moja mbele kwa kuuza sanamu nyeupe isiyo na uso iitwayo Munny, na mnunuzi akawa mpakaji: hulainisha viungo kwa maji ya moto ili avitenganishe, husugua uso kwa msasa laini, hutia rangi ya msingi, kisha hupaka tabaka nyembambanyembamba akingoja kila moja ikauke.

Mwaka 2019 mchoro mmoja wa KAWS uliuzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini Hong Kong kwa dola za Hong Kong milioni 115.9, na bei za sanamu zake zilipanda pamoja na sifa yake. Wakusanyaji huigeuza sanamu kabla ya kununua na kusoma unyayo, ambako kwa kawaida hupigwa chapa ya jina la msanii, mwaka, kampuni na nchi ilikotengenezwa. Jina la aliyelishika ganda la chuma na kuliweka jicho mahali pake halijawahi kupata nafasi kwenye unyayo huo.