Beti ya mpiga gobori: vifaa, majina na mpangilio

Beti (ngeli ya i-/zi-) ni mkoba mdogo wa ngozi wa kuchukulia risasi, fataki na vikorokoro vingine vya bunduki. Lisichanganywe na beti la washairi, ambalo ni wingi wa ubeti. Neno la wapiga bunduki halibadiliki katika umoja wala wingi. Mfano: Alitia mkono betini, akatoa risasi mbili.

Mfasiri hulihitaji hasa akutanapo na maandishi ya Marekani, ambako kulenga shabaha kwa gobori, yaani bunduki ya kushindilia mdomoni, kungali mchezo wenye chama chake cha kitaifa tangu 1933. Mpangilio wa vifaa si urembo. Hufuata hatua za kushindilia.

Baruti hukaa nje ya beti, katika pembe ya ng'ombe. Haimiminwi kutoka pembeni moja kwa moja hadi ndani ya kasiba, maana cheche iliyosalia humo yaweza kuilipua pembe nzima mkononi. Hutiwa kwanza katika kipimo, kikombe kidogo kining'inizwacho kwenye ukanda wa pembe. Hufuata risasi ya mviringo na kitambaa chake kilichopakwa mafuta, halafu mdeki, ule ufito wa kushindilia. Mdeki huchongwa alama pale unapolingana na mdomo wa kasiba iliyoshindiliwa mara moja. Alama ikisimama juu ya mdomo, huenda kasiba imeshindiliwa mara mbili, au risasi haijafika chini.

Fataki hulipuka kwa kugongwa, kwa hiyo huwa na kikopo chake, mbali na baruti. Huvalishwa kifa mwisho kabisa, bunduki ikiwa imekwisha kuelekezwa kwenye shabaha. Mwenye bunduki ya gumegume hana haja nayo: huchukua mawe ya akiba, vipande vya ngozi vya kuyakazia, na sindano ya kuzibulia tundu la moto. Chini ya beti hubaki vya dharura: spana ya kifa, skrubu ya kutolea risasi iliyokwama, na matambara ya kusafishia.

Tanbihi kwa wafasiri. Kiasi ni neno la kuchunga hapa. Mbali na maana ya kadiri, kamusi za zamani hulipa pia maana ya risasi iliyofungwa tayari pamoja na baruti yake, kitu ambacho gobori hili halitumii. "Tia kiasi" humwacha msomaji njia panda. "Pima baruti" hakuna shaka. Hatari zaidi ni greni, kipimo cha baruti katika maandishi hayo. Si gramu, wala si punje. Greni 60 ni karibu gramu 3.9, atakayeandika "gramu 60" ameongeza baruti zaidi ya mara 15, na kasiba itapasukia usoni mwa msomaji wake.